Kuhamisha Si Kuhifadhi

Mwaka 1978 kampuni ya IBM ilianza kuwapa wateja wa kompyuta zake kubwa programu yenye kazi moja: kupita kwenye mafaili yote, kuyatenga yale ambayo hayajaguswa kwa muda mrefu, na kuyapeleka kwenye chombo cha bei nafuu bila kumuuliza mwenye nayo. Diski za wakati ule zilikuwa ghali mno, na utepe wa sumaku ulikuwa rahisi. Miaka minne kabla ya hapo kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetoa mtambo wa 3850, ambao data zake zilikaa kwenye vikopo vya utepe, kila kikopo kikibeba takriban megabaiti 50, vikiwa vimepangwa kama sega la nyuki huku mkono wa mashine ukivichomoa na kuvirudisha. Vifaa vile vilishatupwa zamani, lakini wazo lenyewe bado lina soko. Benki, hospitali, vyuo vikuu, vituo vya televisheni na idara za serikali zinaendelea kununua programu za aina hiyo. Tabaka la juu huwa diski za kielektroniki zenye kasi, chini yake diski za kawaida zinazozunguka, na chini kabisa kanda za sumaku au ghala la kukodi kwenye intaneti. Faili likikaa kimya linateremshwa, na likiitwa linapandishwa.

Ahadi inayouza programu hizi ni kwamba mtumiaji hatajua lolote. Atafungua folda yake, ataona majina yote pale pale alipoyaacha, atabofya, na faili litafunguka. Ahadi hiyo ina nusu mbili. Ya kwanza inadai kwamba mashine inaweza kulitambua faili lisilohitajika kwa kutazama umri wake. Ya pili inadai kwamba umbali kati ya tabaka la juu na la chini unaweza kufichwa. Hoja ya sura hii ni kwamba nusu zote mbili hazishiki, na kwamba matatizo mengi ambayo lawama zake hutupiwa mafundi, mtandao au bajeti yanatokana na ahadi yenyewe. Shirika linalonunua programu ya matabaka kwa kuamini limenunua uhifadhi wa nyaraka limenunua usafirishaji tu.

Sikatai kwamba usafirishaji huo una faida, na faida yenyewe si ndogo. Kanda ya sumaku ya aina ya LTO ya kizazi cha kwanza, iliyotoka mwaka 2000, ilibeba gigabaiti 100. Ya kizazi cha tisa, ya 2021, inabeba terabaiti 18. Kanda iliyo kwenye rafu haili umeme. Tena haifikiwi na hitilafu inayoenea kwenye seva zilizo hewani. Februari 2011, kosa katika programu ya Gmail lilifuta barua pepe za watumiaji wapatao asilimia 0.02, na kosa hilo likazigusa nakala zilizokuwa kwenye diski za vituo kadhaa kwa pamoja. Google ilizirudisha barua hizo kutoka kwenye kanda, kwa sababu kanda zilikuwa mbali na mkono wa hitilafu. Anayesema kanda zimepitwa na wakati hajui zinafanya kazi gani. Lakini angalia kilichotokea pale: kanda zilifaa kwa kuwa zilikuwa mbali na zilijulikana kuwa mbali. Urejeshaji ulichukua muda, na Google iliwaambia watu kwamba utachukua muda. Programu ya matabaka inataka faida ya umbali huo huo huku ikimwambia mtumiaji kwamba umbali haupo.

Tuanze na nusu ya kwanza, ya umri. Ili programu ijue faili limelala tangu lini, lazima mahali fulani paandikwe tarehe ya mwisho lililosomwa. Watu wengi hudhani tarehe hiyo ipo siku zote. Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, ilikuja ikiwa imezima uandishi wa tarehe hiyo, kwa sababu kuiandika kila mara faili linaposomwa hugeuza kila usomaji kuwa uandishi na kuichosha diski bure. Linux, kuanzia kiini chake namba 2.6.30 cha mwaka 2009, ilichagua njia ya kati: tarehe husahihishwa ikiwa faili limebadilishwa tangu liliposomwa mara ya mwisho, au ikiwa saa 24 zimepita. Hiyo ingetosha kwa mtu anayehesabu kwa miezi. Ila wasimamizi wa hifadhi kubwa huizima hata hiyo, kwa kutafuta kasi. Pale tarehe ya kusomwa inapokosekana, programu huangukia tarehe ya kubadilishwa, na hapo hesabu nzima inageuka. Mkataba uliosainiwa haubadiliki, ukibadilika, umechezewa. Hati ya kiwanja, matokeo ya mtihani, picha ya eksirei ya mtoto aliyevunjika mkono, hukumu ya mahakama, vyote hivi huandikwa mara moja na kusomwa miaka mingi. Kwa kipimo cha tarehe ya kubadilishwa ndivyo vinavyoonekana vimekufa mapema kuliko vyote, ilhali rasimu ya tangazo la sherehe ya ofisi, iliyorekebishwa mara tano wiki hii, inabaki kwenye diski ya bei kubwa.

Kosa linaweza pia kuegemea upande wa pili. Mahali ambapo tarehe ya kusomwa inaandikwa kwa uaminifu, wasomaji wengi si binadamu. Kinga ya virusi inasoma kila faili, na programu ya kutafuta inasoma ili ijenge faharasa yake. Hata programu ya nakala za akiba, isipoundwa kwa uangalifu, inaacha alama kana kwamba mtu amefungua. Basi faili ambalo hakuna mtu aliyelitazama kwa miaka sita linaweza kuonekana limesomwa jana usiku.

Tuseme hata hivyo kwamba tarehe ya kusomwa ni sahihi kabisa. Bado ingetuambia jambo tofauti na tulilouliza, kwa kuwa kusomwa na kuthaminika ni mambo mawili. Kuna kumbukumbu ambazo kazi yake yote ni kukaa kimya hadi siku moja. Mvua za El Niño zilizofurisha Afrika Mashariki mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998 ziliacha vipimo vya mito, madaraja na mabwawa. Mvua za mwishoni mwa 2023 zilipokuja, mhandisi aliyetaka kujua daraja lijengwe kwa kimo gani alihitaji kulinganisha na vipimo vile vya miaka 26 nyuma, na alivihitaji kwa haraka, wakati maji yako njiani. Kwa kanuni ya umri, hakuna faili linalostahili kuteremshwa chini zaidi ya la vipimo hivyo. Kuna pia mafaili ambayo thamani yake iko kwa jirani yake. Jedwali kubwa la takwimu za utafiti huandamana na faili dogo linaloeleza kila safu ina maana gani: 1 ni mwanamke au ni mwanamume, 99 ni umri au ni alama ya jibu lililokosekana. Jedwali hufunguliwa kila mwezi. Lile faili dogo hufunguliwa mara moja, na anayelisoma akishaelewa halirudii. Programu inayolipima kila faili peke yake itavitenganisha viwili hivyo, na atakayekuja baada ya miaka kumi atakuta namba zisizo na maana. Kati ya mapungufu yote ya kanuni ya umri, hili la kutenganisha vitu vilivyozaliwa pamoja ndilo ninaloliona baya kuliko mengine, kwa sababu haligunduliki hadi mtu aliyekuwa akijua ameshastaafu.

Utunzaji wa kumbukumbu una desturi ya zamani ambayo wauzaji wa programu hizi hawakuiuliza. Masijala ya ofisi ya umma hulipa kila jalada namba kwa mada yake tangu siku linapofunguliwa. Nchini Tanzania, kazi hiyo inasimamiwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Namba 3 ya 2002, na msingi wake ni kwamba kila aina ya kumbukumbu ina muda wake uliopangwa: huu muda wa kukaa ofisini, huu wa kukaa kituo cha kumbukumbu, kisha kuteketezwa au kupelekwa kwenye nyaraka za taifa kudumu. Jalada la watumishi lina muda wake, na stakabadhi za manunuzi zina wao. Jalada halihamishwi kwa kuwa halijaombwa tangu mwaka juzi, linahamishwa kwa kuwa shughuli yake imefungwa, na aliyelifunga anajulikana. Ni kweli masijala nyingi zimefurika, na muda uliopangwa hauzingatiwi kila mahali. Hata hivyo, panapotokea uzembe katika mfumo huo unaonekana na mtu anaweza kuulizwa. Kwenye kanuni ya umri hakuna wa kuulizwa, kwa kuwa hakuna aliyeamua.

Sasa nusu ya pili ya ahadi, ile ya kuficha umbali. Ufundi wake uko hivi. Programu ikilichukua faili kulipeleka chini, inaacha mahali pake faili-kivuli: jina lile lile, ukubwa ule ule kwenye orodha, tarehe zile zile, lakini ndani hamna kitu isipokuwa maelekezo ya mahali lilipopelekwa. Mtu akibofya, programu inasimamisha ombi lake, inaenda kutafuta, inarudisha, kisha inaliachia. Kama chini ni diski nyingine, anasubiri kidogo. Kama chini ni kanda, mkono wa mashine unaitafuta, unaichomeka kwenye kisomeo, na utepe wenye urefu wa takriban kilomita moja unazungushwa hadi mahali husika. Kwa faili moja hiyo ni kama dakika moja hivi, na dakika moja mtu anaivumilia. Tatizo ni kwamba mafaili hayaombwi moja moja, na hayaombwi na watu peke yao. Kinga ya virusi mpya ikiwekwa na kuamriwa ikague kila kitu, inabofya kila kivuli. Mtumishi anayenakili folda nzima kwenda kompyuta mpya anafanya vivyo hivyo bila kujua. Tangu Windows 2000 ipo alama maalumu inayoziambia programu kwamba faili fulani halipo hapa, lisiguswe ovyo, lakini alama hiyo inafanya kazi kwa programu zinazoijali tu.

Hesabu yake inatisha. Chukua petabaiti moja iliyogawanyika katika mafaili milioni 10, kila moja likiwa na wastani wa megabaiti 100, ikiwa kwenye kanda za kizazi cha tisa na visomeo vinne. Kisomeo kimoja kinasoma megabaiti 400 kwa sekunde, kwa hiyo kanda moja ya terabaiti 18 inamalizika kusomwa kwa saa 12 na nusu. Kanda zote 56, zikisomwa kutoka mwanzo hadi mwisho kwa visomeo vinne, zinakwisha kwa takriban wiki moja. Sasa mafaili yale yale yaombwe kwa mpangilio wa alfabeti, kama yanavyoonekana kwenye folda, kila moja likigharimu dakika yake ya kutafutwa. Dakika milioni 10 zikigawiwa visomeo vinne ni siku zaidi ya 1,700, karibu miaka mitano. Mtambo, kanda na data ni vile vile. Kilichotofautisha wiki na miaka mitano ni kama mwombaji anajua kwamba anachokiomba kiko kwenye kanda, na kwa mpangilio gani. Programu nzuri hujaribu kuyakusanya maombi na kuyapanga upya, na zinaokoa muda mwingi zikipewa nafasi ya kusubiri. Lakini ahadi yenyewe inazinyima nafasi hiyo, kwa kuwa mtumiaji ameambiwa faili lipo, na amekaa anaangalia kioo.

Wanaotumia kanda kwa wingi kuliko wengine wamekwishajifunza hili. Kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kilitumia kwa miaka mingi mfumo wake uitwao CASTOR, uliounganisha diski na kanda kuwa hifadhi moja mbele ya mtumiaji. Kuanzia 2010 kilianza kujenga hifadhi ya diski inayojitegemea, EOS, na mwaka 2020 mfumo mpya wa kanda, CTA, ukaanza kazi. Katika mpangilio huu mpya kanda haijifichi. Waendeshaji wa data wa kila jaribio huagiza kwa wingi data zitakazohitajika zivutwe hadi kwenye diski kabla ya kazi kuanza. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kilifikia msimamo wa namna hiyo mapema zaidi. Hazina yake iitwayo MARS, iliyoanza 1985, haimwonyeshi mtumiaji mafaili hata kidogo. Mtumiaji anaomba kwa lugha ya taaluma yake, tarehe fulani, joto la kimo fulani, eneo fulani, kisha ombi linaingia kwenye foleni na mfumo unajua kanda zipi zisomwe kwa mpangilio upi. Taasisi zote mbili zina wahandisi hodari na bado zimeacha kuuficha umbali. Benki ya kawaida inayoahidiwa kwamba umbali utafichwa ina sababu ya kuuliza muuzaji wake anajua nini ambacho wao hawakijui.

Hapa husikika pingamizi la kwanza: mambo ya kanda na visomeo ni ya zamani, siku hizi tabaka la chini ni ghala la kukodi kwenye intaneti, na halina mkono wa mashine wa kusubiri. Pingamizi hili lina uzito kwa bei ya kuweka. Ghala la Amazon liitwalo Glacier Deep Archive, lililofunguliwa 2019, linatoza katika kituo chake cha Virginia takriban dola moja ya Marekani kwa terabaiti kwa mwezi. Lakini umbali haujaondoka, umegeuzwa kuwa masharti. Kutoa kitu kwa njia ya kawaida huchukua hadi saa 12, na kwa njia ya bei rahisi hadi saa 48. Ukikifuta kabla ya siku 180, unalipia siku zote 180. Na kutoa ndiko kwenye gharama. Terabaiti 100 hulipiwa kama dola 100 kwa mwezi zikiwa zimelala. Kuzitoa zote kwa njia ya kawaida ni kama dola 2,000, na kuzisafirisha nje ya mitambo ya Amazon, kwa bei za kawaida zilizotangazwa, ni kama dola 7,800 nyingine. Jumla hiyo ni kodi ya miaka minane. Wanaofanya bajeti huangalia ile dola 100.

Mafaili madogo yanaonyesha tatizo hili waziwazi zaidi. Kila kitu kinachoingia kwenye ghala hilo huongezewa takriban kilobaiti 40 za maelezo, 32 zikitozwa kwa bei ya chini na 8 kwa bei ya tabaka la juu, ambayo ni dola 0.023 kwa gigabaiti. Chukua barua pepe milioni 10 zenye kilobaiti 4 kila moja. Zenyewe ni gigabaiti 40, na zikiachwa tabaka la juu zinagharimu karibu senti 92 kwa mwezi. Zikiteremshwa, zile kilobaiti 8 za maelezo peke yake zinafika gigabaiti 80, yaani dola 1.84 kwa mwezi, mara mbili ya gharama ya kutozigusa. Na kabla ya hapo, ada ya kuziteremsha, senti 5 kwa kila vitu elfu moja, imeshakula dola 500. Kanuni ya umri haioni haya, kwa kuwa inatazama tarehe tu. Septemba 2024 Amazon yenyewe ilibadilisha utaratibu wake ili vitu vilivyo chini ya kilobaiti 128 visiteremshwe ila kwa amri ya mteja. Ni hatua ya busara, na ni ushahidi kutoka kwa mwenye ghala kwamba kuteremsha kwa umri peke yake kulikuwa kunawaumiza wateja.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Kampala kuna gharama isiyo kwenye orodha ya bei. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa mojawapo, ikadorora kwa siku kadhaa. Ofisi ambayo vivuli vyake vinaelekeza ng'ambo iliendelea kuona majina yote ya mafaili yake kwenye folda siku zile. Kuona jina la faili usiloweza kulifungua ni vibaya kuliko kutoliona, maana aliyeliona amepanga kazi yake akilitegemea.

Umbali mwingine ni wa miaka. Nyaraka huwekwa kwa miaka 7, 30 au milele, na programu inayozishika ni bidhaa ya kampuni. Enterprise Vault, mojawapo ya programu mashuhuri za kuweka kumbukumbu za barua pepe na mafaili, ilikuwa mali ya kampuni ya KVS hadi 2004 iliponunuliwa na Veritas. 2005 Veritas ikaunganishwa na Symantec. 2016 ikatengwa tena. Mwishoni mwa 2024 sehemu kubwa ya Veritas ikaenda Cohesity, na Enterprise Vault ikaangukia kampuni mpya iitwayo Arctera. Yote hayo yametokea ndani ya miaka 20, na ni historia ya bidhaa iliyofaulu. Windows 2000 ilikuja na huduma yake ya kuteremsha mafaili kwenye kanda, na Windows Server 2008 ikatoka bila huduma hiyo. Visomeo navyo vilikuwa na desturi ya kusoma vizazi viwili vya nyuma, hadi kizazi cha nane cha LTO, cha 2017, kilipoivunja: kinasoma cha saba na hakisomi cha sita, ambacho kilikuwa sokoni tangu 2012. Faili-kivuli linategemea mnyororo huu wote. Programu ikiondoka, au katalogi yake ikiharibika, vivuli vinabaki na majina na kanda zinabaki na data, na hakuna kinachoviunganisha. Wapo waliolifikiria hili mapema. SAM-QFS, programu ya matabaka iliyopitia mikononi mwa Sun na baadaye Oracle, iliandika kanda zake kwa muundo wa tar unaosomeka hata bila programu hiyo, na mwaka 2010 muundo wa wazi wa LTFS ukaiwezesha kanda kujieleza yenyewe kilichomo ndani yake. Mnunuzi anayekubali muundo wa siri wa muuzaji leo anafanya hivyo wakati njia nyingine ipo.

Sheria nazo zimeongeza sharti ambalo usafirishaji haukuandaliwa kulitimiza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, zinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe katika mazingira fulani. Kanda huandikwa kwa kufuatana, na katikati yake hapafutiki kitu kimoja. Programu inaliondoa jina kwenye katalogi na data inabaki pale hadi mafaili yaliyo hai yanakiliwe kwenye kanda mpya na ya zamani ifutwe nzima. Kama shirika lilifikiria jambo hili mwanzoni, likayafunga mafaili ya kila mteja kwa ufunguo wake, linaweza kuuharibu ufunguo na kumaliza kazi. Kama mafaili yaliteremshwa kwa umri tu, taarifa za mteja mmoja zimetawanyika kwenye kanda arobaini.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu watu. Shirika lina mafaili milioni 300, linasema. Nani ataamua kuhusu kila moja? Wafanyakazi hawataki kazi hiyo, wakilazimishwa watabofya “hifadhi yote”, na mashine isiyoona thamani ni bora kuliko binadamu asiyejali. Naliheshimu pingamizi hili kwa sababu limetokana na uzoefu wa kweli. Lakini linadhani uamuzi lazima ufanywe faili kwa faili na lazima ufanywe mwishoni, wakati lundo limeshakuwa lundo. Masijala haiamui kuhusu kila karatasi, inaamua kuhusu jalada, tena siku ya kulifungua. Folda ya mradi inaweza kuzaliwa ikiwa na mwenyewe, shughuli inayoihusu, na tarehe au tukio litakaloifunga: ujenzi umekabidhiwa, mgonjwa amefikisha umri fulani, kesi imeisha. Uamuzi huo ni mmoja kwa maelfu ya mafaili, na unachukua dakika chache. Ukiwepo, programu ya matabaka inakuwa chombo kizuri sana, kwa kuwa inasafirisha kundi zima likiwa pamoja, kwa sababu inayojulikana, kwenda mahali panapotajwa waziwazi. Lundo la zamani lisilo na mwenyewe litabaki kuwa tatizo, na kwa hilo umri unaweza kutumika kama dalili ya kuanzia, mradi tu usipewe mamlaka ya kufuta.

Mamlaka ya kufuta si hofu ya kufikirika. Katikati ya Desemba 2021, kwenye kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Kyoto, amri iliyokusudiwa kufuta mafaili ya kumbukumbu za mfumo yaliyozidi siku 10 ilikwenda kombo wakati inafanyiwa marekebisho ikiwa bado inafanya kazi, ikaanza kufuta mafaili ya watafiti. Zilipotea terabaiti zipatazo 77, mafaili milioni 34, ya vikundi 14 vya utafiti, na data za vikundi vinne hazikuweza kurudishwa. Kasoro ilikuwa ya uandishi wa amri, na kampuni iliyohusika, HPE, ilikiri wajibu wake. Ila ukubwa wa hasara ulitokana na kuwa mafaili mengine hayakuwa na nakala popote. Wasimamizi wengi huchukulia tabaka la chini kama nakala ya akiba, na sivyo: faili lililoteremshwa lipo mahali pamoja tu, sawa na lilivyokuwa juu.

Wapo wanaosema akili mnemba itamaliza mjadala, kwa kusoma yaliyomo na kukadiria thamani yake. Itasaidia kupanga na kutafuta, sina shaka. Lakini ili isome yaliyomo kwenye mafaili yaliyokwisha kuteremshwa lazima ikibofye kila kivuli, na tumeshaona hesabu ya jambo hilo. Na swali la mkataba huu uwekwe hadi lini linajibiwa na sheria, na mtu mwenye dhamana, si na maneno yaliyoandikwa ndani ya mkataba wenyewe.

Kwa hiyo anayeandaa zabuni ya mfumo wa namna hii ana mambo machache ya kudai kabla ya kutazama bei ya terabaiti. Mzabuni ateremshe folda nzima ya idara moja, kisha airudishe yote mbele ya wanunuzi, saa zikihesabiwa na kuandikwa kwenye mkataba. Aonyeshe mtumiaji anaonaje kwamba faili liko mbali kabla hajalibofya. Aeleze gharama ya kutoa kila kitu na kuondoka. Umoja wa Ulaya umeshaona uzito wa swali hili, na sheria yake ya data iliyoanza kutumika Septemba 2025 inafuta kabisa ada za kuhama kutoka kwa mwenye ghala mmoja kwenda kwa mwingine kuanzia Januari 2027, ulinzi ambao mteja wa Nairobi hana budi kujiandikia mwenyewe kwenye mkataba wake. Na mwisho, zichukuliwe kanda tatu kutoka kwenye mtambo wake, zipelekwe kwenye kompyuta ambayo programu yake haijawahi kuwekwa, na mafundi wa mnunuzi wajaribu kuzisoma.